Wifi Yangu, Majoho ya Satini na Elektroni

Wifi yangu hukupima kwa macho. Ukipiga hodi, naye akajibu karibu, basi kabla hujakaa ameshajua kiuno chako kimeongezeka kiasi gani tangu ulipokuja mara ya mwisho. Hakuambii. Ila ataacha kitambaa cha akiba kwenye mshono wa ubavuni, ili siku ukirudi umenawiri zaidi aufumue kidogo tu, uvae nguo yako bila aibu. Amevisha nusu ya mtaa wetu namna hiyo, na sijasikia mtu aliyewahi kuambiwa na yeye kuwa amenenepa.

Ni mke wa kaka yangu. Kaka anafundisha sayansi shule ya sekondari na watu wote humwita Mwalimu, hata mimi wakati mwingine. Uwanja wao na wetu umetenganishwa na ukuta mfupi ambao tumeshauzoea kuuegemea tukiongea, mimi upande huu na beseni la vyombo, yeye upande ule na nguo ya mtu mapajani. Ninayoyaandika hapa mengi nimeyaona kutoka kwenye ukuta ule, na mengine kanisimulia mwenyewe.

Ushonaji alifundishwa na shangazi yake, mama mmoja mkali ajabu. Alimkalisha kwenye kigoda akipiga matundu ya vifungo tu, mpaka akawa anayaota. Cherehani hakuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Shangazi huyo alikuwa na sheria yake: nguo haitoki mkononi mwa fundi kabla ya kusuguliwa kwa kipande cha blanketi la sufu, kutoka mabegani hadi kwenye pindo, ili vumbi la uzi litoke na kitambaa kilale vizuri. Alipofariki, Mungu amrehemu, wifi alirithi cherehani, mkasi na kile kipande cha blanketi, na sheria yake akairithi pia.

"Nguo isiyosuguliwa," husema, "ni kama mtoto aliyeogeshwa akasahauliwa kufutwa."

Yeye na kaka yangu walikutana kwa sababu ya mfuko. Kaka, kijana wakati huo, alipeleka suruali ishonwe mfuko uliochanika. Aliporudi kuichukua akakuta mfuko umeshonwa, na ndani yake umeongezwa kijimfuko kingine chembamba, kama cha kalamu.

"Hiki sikukiagiza," akasema.

"Najua. Mfuko wako ulikuwa mweupe kwa ndani. Unaweka chaki humo, na chaki ndizo zinazoutoboa."

Kaka alirudi nyumbani siku hiyo akala kimya kimya. Mama yetu akamwangalia akasema, "Huyu keshapatikana." Na kweli.

Basi miaka ikaenda, watoto wakazaliwa wakakua, wifi akishona sare za shule, makoti ya kazi, mashuka, magauni ya pamba. Halafu mwaka juzi akateleza uani akianika nguo, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika. Alifungwa plasta, na plasta ilipotoka mkono ukawa mgumu kama mwiko. Kushika mkasi akashindwa. Akaifunika cherehani kwa shuka, akawa anafanya mazoezi ya kufinya mpira wa soksi kama alivyoambiwa hospitali. Hakulalamika. Lakini nilikuwa namwona akipita karibu na ile cherehani anageuza uso, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya rafiki aliyegombana naye.

Nikaomba sana juu ya mkono ule. Mungu ni mwema, vidole vikaanza kulainika. Ndipo kwaya yetu ikaamua kushona majoho mapya kwa ajili ya kufungua jengo jipya la kanisa, nami nikasimama kwenye kikao, mimi ambaye huwa sisemi, nikasema kazi apewe wifi yangu. Kiongozi wetu tunamwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Akiimba vioo vinaitikia. Akakubali, ila akachagua kitambaa yeye mwenyewe: satini ya poliesta, ya buluu, inayong'aa.

"Tumechoka na pamba," alisema. "Tukisimama mbele ya watu tung'ae kama watu tuliookoka."

Wifi alikuwa hajawahi kushona satini nyingi kiasi kile. Alipofunua cherehani siku ya kwanza alikaa mbele yake muda mrefu, mikono mapajani. Akaniita ukutani.

"Wifi, nikwambie kitu? Hii kazi ndiyo itakayoniambia. Ikitoka vizuri, mkono umerudi. Ikiharibika, cherehani nampelekea mtoto wa dada yangu, anajifunza ufundi. Sitaki kuwa fundi wa kuonewa huruma."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Mtu aletewe nguo halafu aseme 'haidhuru, si unajua alivunjika mkono'? Hapana, wifi. Afadhali nikae."

Akashona. Nilikuwa nasikia cherehani ikienda, inasimama, inaenda tena, na kila niliposikia inaenda nilishukuru. Ulikuwa msimu wa baridi kavu, ule ambao midomo hupasuka na ukivua sweta linalia tatata kama mahindi kikaangoni. Alipomaliza, akayasugua majoho yote kwa blanketi la shangazi, moja moja, kwa nguvu, akayatundika. Yalikuwa yanang'aa mpaka ukutani.

Alhamisi mchana tukaenda kuyajaribu, sebuleni kwake. Tukavaa juu ya shimizi zetu za nailoni. Mwanzoni ilikuwa vigelegele. Halafu tukaanza kutembea.

Sijui nieleze vipi. Joho lilipanda. Kila hatua, satini inanata mguuni, inajikunja magotini, inaingia pale isipotakiwa kuingia. Ukiivuta chini, inashuka, ukiiachia inarudi juu kama paka anayetaka kubebwa. Mmoja wa sauti ya pili alijaribu kugeuka akafungwa miguu akamkalia mwenzake.

"Fundi!" Kengele akapaza sauti. "Joho hili linanipenda kuliko mume wangu! Hata siku ya harusi hakunikumbatia hivi!"

Watu walicheka hadi machozi. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Wifi naye alicheka, lakini nilimwona mkono wa kushoto ukikishika kifundo cha wa kulia. Alipiga magoti mbele ya Kengele akatazama pindo, akavuta kitambaa, akalipima kwa kidole.

"Nimekata mshazari vibaya," akasema taratibu. "Upana hautoshi chini. Niachieni, nitarekebisha."

"Jumapili imebaki siku tatu tu," Kengele akasema, na sauti yake ikapungua. "Fundi, kama mkono unasumbua, sema tu. Tutavaa yale ya zamani. Haidhuru."

Lile neno "haidhuru". Nilitamani kulidaka hewani kabla halijamfikia.

Ijumaa asubuhi nilimkuta amefumua joho moja, ameongeza vipande ubavuni mpaka limekuwa pana kama hema. Akalipiga pasi, akalisugua kwa blanketi, akanivalisha mimi. Lilininata vilevile. Akanivua, akalisugua tena zaidi, akidhani kitambaa hakijalala sawa. Likanata mara mbili. Vipande vya uzi vilivyokuwa sakafuni vikaanza kurukia pindo na kuning'inia pale kama kupe.

"La kuvunda halina ubani," akasema, akakaa chini kwenye zulia. "Wifi, mkono umekwisha. Nimekata kwa jicho lile lile, kwa chaki ile ile, na nguo inanikataa. Nisaidie kulikunjua shuka la kuifunikia cherehani."

Nilikaa naye chini. Moyoni nikasema, Bwana, mimi sijui ushonaji, lakini wewe unajua.

Hapo ndipo kaka alipoingia kula chakula cha mchana. Alisimama mlangoni akatutazama, akatazama joho lililotundikwa kitini, akatazama uzi mmoja ukiruka kutoka sakafuni, tik, na kuganda kwenye satini. Akaanza kucheka.

"Unacheka nini?" Wifi hakuinua uso. "Mkeo anazikwa wewe unacheka."

"Nacheka kwa sababu mwaka mzima najaribu kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa chanuo na vikaratasi, halikubali vizuri hivi. Nani amekufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Kuhamisha elektroni."

"Mwalimu," wifi akasema, "tangu unioe hizo elektroni zako hazijawahi hata kunitungia uzi kwenye sindano. Leo usinianze."

Kaka akakaa sakafuni, na suruali yake ya kazi ile. Akachukua blanketi, akachukua kipande cha satini kilichobaki. "Nipe muda kidogo tu. Kila kitu unachokijua, satini hii, mkasi, mkono wako, kimejengwa kwa vitu vidogo mno vinavyoitwa atomu. Nazo atomu zina kiini katikati. Ndani ya kiini mna protoni, hizi zina chaji chanya, na nyutroni, ambazo hazina chaji kabisa."

"Hazina upande."

"Hazina upande."

"Kama wewe, nilipokuwa nabishana na mama yako."

Nilimpiga wifi kofi la bega. Kaka hakujali, akiongea mambo yake hata nyumba ikiungua atamaliza sentensi. "Protoni zenyewe husukumana, kwa sababu chanya na chanya hazipendani. Lakini humo ndani kuna nguvu kubwa inayozishika pamoja na nyutroni, hazitoki. Na idadi ya protoni ndiyo inayoamua hiki ni kitu gani. Sita, ni kaboni. Nane, ni oksijeni. Ukibadilisha hata moja, kimeshakuwa kitu kingine."

"Na elektroni ziko wapi?"

"Nje. Zinazunguka nje ya kiini, zina chaji hasi, na ni nyepesi sana. Protoni moja uzito wake unashinda elektroni karibu elfu mbili. Tuseme kiini ni kichwa cha pini hii, nimekiweka hapa katikati ya zulia. Elektroni zitakuwa huko nje, zimepita uani kwa dada, zimepita nyumba za majirani."

Wifi akainua uso kwa mara ya kwanza. "Na hapa katikati, kutoka kwenye pini mpaka kwa jirani, pana nini?"

"Hapana kitu."

"Pana hewa."

"Hata hewa haipo. Hewa nayo ina atomu zake."

"Kwa hiyo siku zote hizi," wifi akasema polepole, "nakata na kushona mahali patupu?"

"Patupu kwa sehemu kubwa."

Akanitazama mimi. "Unasikia, wifi? Na bado joho la Kengele halitoshi kiunoni."

Tulicheka. Mimi nilikuwa nawaza habari ya ile pini na ule utupu wote, na jinsi Muumba alivyokuwa na subira ya kutengeneza vitu ambavyo hakuna jicho litakaloviona, akavipanga sawasawa hivyo hivyo, hata visivyosifiwa.

Kaka akaendelea. "Sasa. Kwa kawaida elektroni za atomu huwa sawa na protoni zake. Hasi na chanya zinalingana, kitu kinatulia. Lakini elektroni za nje kabisa hazijashikwa sana."

"Kama bandi," wifi akasema.

"Bandi gani?"

"Ule mshono wa muda, wa kushikizia kabla ya cherehani. Ukiuvuta, unatoka wote. Sasa kiini chako hicho kimepigwa cherehani mara mbili, hakifumuki. Za nje zimepigwa bandi."

Kaka akatoa kalamu mfukoni akajiandikia kiganjani. "Bandi," akasema. "Jumatatu nitawaambia hivyo. Basi ukisugua satini kwa sufu, bandi zinatoka kwenye sufu, elektroni zinahamia kwenye satini. Satini inazidi hasi, sufu inabaki na upungufu, ni chanya. Na nailoni za shimizi nazo zinafanya vivyo hivyo mkitembea. Hasi na chanya zinavutana. Joho linang'ang'ania shimizi, linang'ang'ania mguu, linavuta na uzi wa sakafuni. Siku za unyevunyevu, maji yaliyo hewani huziondoa elektroni hizo polepole, husikii kitu. Sasa hewa imekauka, hazina pa kwenda."

Wifi alilitazama blanketi la shangazi yake kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wake ndiye anayekula mboga za jirani.

"Pamba haikunifanyia hivi."

"Pamba hushika unyevu. Umeshona pamba maisha yako yote."

Nilidhani imekwisha. Lakini wifi si mtu wa kubembelezwa. Alisimama, akakunja mikono. "Unasema hivyo kwa sababu unanipenda. Nimekata vibaya, wewe unanitafutia atomu ya kunisitiria."

Kaka naye akasimama. Akaingia chumbani, akatoka na suruali yake ya mazoezi, ile ya poliesta aliyoinunua dukani ikiwa imekunjwa kwenye mfuko wake. Akamwekea mkononi.

"Hii uliishona wewe?"

"Hii? Tazama pindo lake. Hata nikilewa siwezi kushona hivi, na sinywi."

"Isugue."

Wifi akaisugua kwa blanketi, juu hadi chini, ndani na nje, kwa mikono yote miwili. Kaka akaivaa, akatembea kutoka kabatini hadi mlangoni. Suruali ikamganda kwenye vigimbi, ikampanda, ikajikunja nyuma ya magoti, na mwalimu mzima wa sekondari akawa anatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Alipofika mlangoni akashika komeo la chuma. Tah! Akaruka.

"Mama yangu!"

Wifi alikaa kitini akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikageuka kidogo kikawa kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Aliuinua mkono wake wa kulia akaugeuza mbele ya macho yake, kiganja na mgongo, kama anaukagua kwa mteja.

"Si wewe," akauambia. "Si wewe, mwanangu."

Basi ikawa kazi. Akachukua chupa yake ya kunyunyizia maji ya pasi, akanyunyiza upande wa ndani wa joho lile pana, kiasi cha umande tu, akanivalisha juu ya shimizi ya pamba niliyoiazima kwake. Nikatembea. Joho likashuka. Likaning'inia kama maji yanayomwagwa taratibu. Akaniambia nirudi, nizunguke, niiname, nipande kigoda. Likashuka kila mara. Akasema joho lile alilolifumua atalirudisha upana wake wa zamani, kwa sababu lilikuwa sahihi tangu mwanzo, na aliposema "sahihi" alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja asali.

Jumamosi alimwita Kengele. Akamweleza kwamba kila mmoja avae shimizi ya pamba, na kwamba yeye mwenyewe atasimama mlangoni na chupa ya maji.

"Ubatizo wa pili?" Kengele akauliza.

"Ni wa elektroni," wifi akasema. "Zikipata maji zinaondoka."

Kengele akanitazama mimi. Nikainua mabega.

Jumapili tuliingia kwa safu, jengo jipya likinuka rangi, watu wamejaa mpaka nje. Wifi alitupitisha mmoja mmoja kwenye chumba cha pembeni, fyu fyu ndani ya joho, haya nenda, fyu fyu, haya nenda, na kila mmoja akatoka akicheka kwa ubaridi. Tulipopanda jukwaani satini ilishuka pamoja nasi na kutulia. Tukayumba kushoto, ikayumba kushoto. Tukayumba kulia, ikafuata. Kengele alipopandisha sauti yake ya juu, ile ya vioo, aliinua mikono yote miwili na mikono ya joho ikafunguka kama mabawa, na watu wakasimama. Nilimtafuta wifi kwa macho. Alikuwa kwenye benchi la kando, haimbi, hatazami nyuso zetu. Anatazama mapindo. Midomo yake inatembea, na sikujua kama anaomba au anahesabu mishono. Nadhani kwake ni kitu kimoja.

Tangu siku hiyo, kwa mtu mwenye haraka, nyumba ya wifi si mahali pa kwenda. Juzi nilikuwa ukutani, akaja mama mmoja na binti yake anayeolewa, wamebeba satini nyeupe ya mita nyingi.

"Weka hapo," wifi akasema. "Kabla sijakupima, binti yangu, nikuulize. Unajua atomu?"

"Nilisoma shuleni, mama, nimesahau."

"Basi kaa. Atomu ina nyumba katikati. Ndani wamo protoni, ni wagomvi, na nyutroni, ni wapatanishi. Nje kuna elektroni, hao ni mabinti wa uani, wakisuguliwa kidogo tu wameshahama nyumba. Wewe unaolewa, utaelewa."

Kaka alikuwa barazani akisahihisha madaftari. Nilimwona ameinua kalamu, amefungua mdomo. Kuna kitu hapo hakikukaa sawa kisayansi.

"Wifi," nikamwita kwa sauti ya chini, "Mwalimu anataka kusema."

"Asubiri," akajibu, tayari amepiga magoti mbele ya yule binti, pini mdomoni, mkono wa kulia ukiteremsha kitambaa kiunoni kwa upole. "Kwanza nimalize protoni. Geuka, mwanangu. Simama wima. Hivyo hivyo."